Hatua Arobaini, Kinyumenyume

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Siku ya neema. Nimekwenda posta kumtumia shemeji barua, nikakuta tangazo ubaoni. Ofisa wa reli mpya, ile inayojengwa pamoja na Wachina kwenda Zambia, atakaa Ofisi ya Kazi hapa Mtwara Jumamosi ya tarehe 14. Anatafuta watu waliowahi kufanya kazi kwenye treni. Mtwara tumepewa nafasi moja.

Moja inanitosha. Mimi ni mmoja.

Anayeniona ghalani bandarini, kalamu sikioni, nikihesabu magunia ya korosho, hajui kwamba nilikuwa mchochea moto wa garimoshi kwenye reli yetu ya hapa, kabla haijang'olewa mwaka 1962. Nina miaka arobaini na moja. Tangu utoto nimetaka jambo moja tu: kuendesha treni. Si kuchochea. Kuendesha. Na nimewahi. Mwaka 1961, dereva aliposhuka kula mihogo, nilivuta ule mkono wa chuma, na treni ikaenda hatua arobaini. Ilikwenda kinyumenyume, ni kweli. Lakini ilikwenda.

Tangazo nimelibandua na kulitia ndani ya kofia yangu. Si wizi. Lingechakaa kwa jua. Tena Fikirini hupita posta kila Jumanne.

Jumanne, 3 Septemba

Niandike habari za Fikirini. Ni jirani yetu hapa Ufukoni, mtu wa Mikindani, mlinzi wa geti la bandari. Alikuwa gadi kwenye treni ile ile. Bendera zake mbili, nyekundu na kijani, bado anazo, kazikunja chini ya mto wake wa kulalia. Siku ya hatua arobaini alikuwa nyuma ya treni. Anasema alinipungia nyekundu. Mimi nasema alinipungia kijani. Ni miaka kumi na tatu sasa tunabishana. Hesabu ya hatua ni yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikimbia.

Asubuhi kanisalimu vizuri, kauliza kama kuna jipya mjini. Nikasema hakuna, labda unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, umefika dukani. Akanitazama kofia. Akasema imenikaa vyema leo, naona imejaa.

Felista nimemweleza yote. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakunipinga. Alipozitoa alisema kwamba hata cherehani huendeshwa, kama shida yangu ni kuendesha. Mke wangu ni fundi mzuri sana, ila katika mambo makubwa hapana.

Jumatano, 4 Septemba

Pigo. Nimefungua sanduku kutafuta cheti changu cha kazi. Mchwa wamewahi. Wamekula jina, cheo, tarehe na nusu ya muhuri. Wamebakiza yale maneno ya mwanzo tu, kwamba wanathibitisha, na hakuna tena wanachokithibitisha.

Sikukata tamaa. Nilimwendea Mwalimu Josephu nimwombe kengele ya shule. Ni kipande cha reli yetu ya zamani, kimening'inizwa kwenye mkorosho, kinagongwa kwa boliti. Nilitaka kukibeba begani mpaka kwa ofisa kama ushahidi. Mwalimu aliuliza ushahidi wa nini. Nikasema kwamba reli ilikuwapo. Akasema hilo hakuna anayelikataa, kinachotafutwa ni kama mimi nilikuwapo. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Ijumaa, 6 Septemba

Wazo! Limenijia nikinywa uji. Ofisa atafuatana na mhandisi wa Kichina, ndivyo lisemavyo tangazo. Sasa, katika Mtwara nzima, nani atakayemsalimu mzee yule kwa lugha yake? Hakuna. Ila mimi.

Mwalimu yupo: Daktari Su, Mchina wa hospitalini. Kumwomba anifundishe haiwezekani, habari zingemfikia Fikirini kabla sijavuka barabara. Nitajifunza kimya kimya. Nitaumwa.

Nimekaa kwenye benchi nje ya pazia la daktari tangu saa mbili. Nimetega masikio. Kila mgonjwa akiingia, daktari anaanza hivi, kwa sauti ya upole: Nali teng? Kila mmoja, bila ubaguzi, mzee kwa kijana. Ni salamu, bila shaka yoyote. Nimeiandika kwenye kiganja.

Zamu yangu ilipofika nikawahi mimi. Nali teng, nikasema, na kuinamisha kichwa. Daktari alicheka mpaka miwani ikashuka, akaniitikia Nali teng. Kisha akasema Shen shetou, na akatoa ulimi. Nikaduwaa. Akarudia, akautoa tena. Hapo nikaelewa: kwao heshima ya kwanza ni salamu, na ya pili ni kuonyeshana ulimi, kama sisi tunavyovua kofia. Nikautoa wangu wote. Alifurahi mno, akautazama kwa makini na kuandika kitu. Kila watu na mila zao.

Nesi Yustina alikuwa amekwisha andika kwenye kadi yangu kwamba naumwa mgongo. Daktari akanilaza kifudifudi na kunichoma sindano nyembamba kumi na moja. Sikutegemea hilo. Alipomaliza aliniwekea mkono begani, akasema taratibu: Pu yao tung. Nadhani ni Mungu akubariki. Nilitulia, nikajisikia nimebarikiwa.

Sentensi tatu kwa siku moja. Na mgongo, kwa kusema kweli, umekuwa mwepesi.

Jumapili, 8 Septemba

Mji mzima una furaha. Redio imetangaza mkataba wa amani wa Msumbiji, na ndugu zetu waliovuka Ruvuma wanapiga ngoma tangu asubuhi. Nami nimeona niunganishe furaha hiyo na mazoezi.

Nimejenga kichwa cha treni uani. Pipa la mafuta ya taa, bomba la bati, mwiko wa ugali badala ya mkono wa chuma. Niliwasha moto ili mkono urudie mazoea yake. Nikavaa kofia. Kwa nusu saa nilikuwa naelekea Nachingwea, mbele, nikipita Mkwaya, nikipiga filimbi kwa mdomo. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tangu harusi yangu.

Upepo ukageuka. Uani kulianikwa gauni la harusi la binti wa Bi Mwasiti, jeupe, Felista kalishona wiki mbili. Sasa si jeupe, na linanuka samaki wa kubanika. Felista alichukua mwiko, akauosha, akaurudisha jikoni. Kisha akaanza kulifua gauni upya, nami nikamchotea maji ndoo tisa bila kuambiwa.

Jumatatu, 9 Septemba

Hospitali tena. Sindano kumi na nne. Matamshi yangu yamekaa sawa, nadhani, maana daktari sasa akiniona tu anacheka.

Bi Mwasiti kaja kuangalia gauni. Felista kamwambia kwamba limefukizwa. Bi Mwasiti kanusa, kafurahi, kauliza ni udi gani.

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya aibu, na sina budi kuiandika.

Mchwa wamekula cheti. Kengele nimenyimwa. Lazima niwe na shahidi. Nimepiga hesabu ya watu wa treni yetu waliobaki: dereva alihamia Tabora, fundi alifariki, wapakiaji wametawanyika. Hapa Mtwara mtu anayeweza kuapa kwamba nilikuwamo ni mmoja. Fikirini.

Nimekwenda kwake baada ya alasiri. Alikuwa barazani anachambua mtama. Nikapiga hodi, nikavua kofia kwa adabu. Tangazo likaanguka kwenye ungo.

Fikirini aliliokota, akalikung'uta, akalisoma lote pole pole mpaka kwenye matundu ya pini pembeni. Akasema alilisoma Jumatatu ile ile asubuhi, kabla yangu. Akasema amekaa siku tisa akisubiri nije nimwambie, na kila siku amenipa nafasi ya kumwambia, na kila siku nimempa habari za unga wa yanga.

Niliona haya. Nilitamani niingie chini ya ule ungo. Nikamwomba radhi, nikasema kama anataka nafasi ile ni yake, na niliposema nilikuwa nasema kweli, nusu yangu walau.

Akacheka. Akasema yeye ana miaka hamsini na mitatu, na kukimbilia treni alikwisha maliza siku ile ya hatua arobaini. Kwake treni ilikuwa kazi. Akasema kwangu haikuwa kazi, yeye aliliona hilo tangu zamani, alivyokuwa akiniona nikifuta vioo vya dereva bila kutumwa. Atakuja kunishuhudia. Ila kwa sharti moja: nikiri kwamba bendera ilikuwa nyekundu.

Nimekiri.

Hapa ndani ya daftari naandika: ilikuwa kijani.

Alhamisi, 12 Septemba

Sindano tisa. Nimenyoa ndevu zenye mvi. Felista kanipigia pasi suruali. Kauliza kwa upole, kama hawatanichukua, itakuwaje. Nikasema hilo sijalipangia. Akasema basi, na akanipa mshikaki aliokuwa amemwekea mgeni.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nikiwa bado na suruali ya pasi.

Tulikuwa watu sita. Ofisa, bwana mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Paulo, alikuwa mezani na faili. Fikirini alikuja na kanzu safi, bendera mbili kwapani. Alipoulizwa alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwamba Bwana Kasiani, yaani mimi, alikuwa mchochea moto miaka minne, hakuchelewa hata siku moja, na kwamba aliendesha treni hatua arobaini. Bwana Paulo akauliza kwa ruhusa ya nani. Mimi nikafumba macho. Fikirini akakunjua bendera moja, akaiweka mezani, akasema kwa ruhusa yake yeye gadi. Nikafumbua. Ilikuwa ya kijani.

Sitasahau.

Lakini Bwana Paulo alifunga faili. Akasema kwa masikitiko kwamba mwisho wa umri ni miaka thelathini, na kwamba treni mpya ni za dizeli, hazina moto wa kuchochewa.

Hapo ndipo mlango ukafunguka, akaingia mhandisi, mzee mfupi wa Kichina, pamoja na mkalimani wake. Wote wakasimama. Nikaona ni sasa au basi. Nikapiga hatua mbele, nikainama, nikasema kwa ile sauti ya upole: Nali teng? Na kabla hajajibu, nikamtolea ulimi.

Bwana Paulo alidondosha kalamu.

Mzee alinitazama. Kisha, sikuamini macho yangu, akashika kiuno, upande wa kushoto, akaanza kusema mambo mengi kwa huzuni. Nikaitikia kwa kichwa. Alipotua nikasema: Shen shetou. Naye akatoa ulimi, mbele ya maofisa wote, akausimamisha hapo mpaka nilipomwonyesha kwa mkono kwamba inatosha. Heshima iliyoje. Nikaona nimuage kabla sijaharibu. Nikamwekea mkono begani: Pu yao tung. Mzee akakaa vile vile kama sanamu, hata kupepesa hakupepesa.

Mkalimani alikuwa amejishikilia ukutani, machozi yanamtoka. Fikirini yuko chini sakafuni na kanzu yake safi. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kunieleza lolote.

Mwisho mzee mwenyewe alicheka, akachukua karatasi, akaandika mistari minne ya Kichina, akapiga muhuri wake mdogo mwekundu. Akanipa kwa mikono miwili. Mkalimani aliweza kutamka jambo moja tu, kwamba nimpelekee Daktari Su.

Mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa anajua maana yake. Mwajiriwa mpya hupimwa kwanza na daktari. Nimeajiriwa.

Jumapili, 15 Septemba

Karatasi nimeitia kwenye fremu, juu ya picha ya harusi. Kanisani nimepewa mikono. Nimemwambia katekista atafute mtu mwingine wa kubeba mwamvuli siku ya maandamano, mwakani nitakuwa njiani Zambia.

Jioni Fikirini kaja na sahani ya pilau ya kuku, wanavunja jungu kwao kabla ya mwezi wa Ramadhani. Akakaa. Hakucheka hata kidogo. Akanipa bendera ya kijani, imekunjwa, akasema dereva mpya asiondoke bila ruhusa ya gadi wake. Felista ndiye aliyemshukuru kwa niaba yangu.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeingia kwa Daktari Su na fremu kifuani. Akaisoma. Akavua miwani, akaisoma tena, akamwita Nesi Yustina aje aketi, kwa sababu habari yenyewe inataka kukaa.

Nali teng si salamu. Ni unaumwa wapi. Shen shetou si mila. Ni toa ulimi. Pu yao tung, nilipowekewa mkono begani nikajiona nimebarikiwa, ni usitikisike.

Na karatasi si ajira. Yustina alinieleza pole pole, daktari akimfafanulia. Mhandisi ameandika: Kiuno kinaniuma huu mwezi wa nne. Sikumwambia mtu, kazi ni nyingi. Mleta karatasi hii ndiye wa kwanza kuniuliza. Nitakuja Jumatatu asubuhi, tafadhali niwekee nafasi.

Nilikaa na fremu yangu mapajani. Nilimfikiria Fikirini na bendera yake. Nilimfikiria katekista. Niliumia, na safari hii Yustina angeniuliza wapi nisingejua pa kuonyesha.

Mzee akaingia. Akaniona, akafurahi kama ameona ndugu. Alilazwa kifudifudi pale pale ninapolalaga, akachomwa sindano kumi na sita, na akataka nikae karibu naye. Mkalimani akawa katikati yetu. Mzee akauliza kwa nini mtu mzima amejichomesha sindano wiki nzima bila ugonjwa. Sikuwa na hila iliyobaki. Nikamweleza ukweli: nataka kuendesha treni, nimetaka tangu nina miaka saba, nimekwenda hatua arobaini tu, na zote kinyumenyume. Ningependa kwenda mbele.

Mzee akasema, uso wake ukiwa kwenye mto, kwamba yeye alipokuwa kijana alitaka kujenga daraja moja ambalo kila mtu kwao alisema halijengeki. Amelijenga akiwa na miaka hamsini na nane, huku kwetu. Kunipa kazi hawezi, sheria ni sheria. Lakini reli ikifunguliwa niende Dar es Salaam na karatasi ile ile. Ameongeza mstari wa tano nyuma yake, kwa kalamu ya Yustina. Mwenye karatasi hii apande mbele kabisa, kwenye kichwa cha treni, karibu na dereva, siku nzima.

Karibu na dereva! Niliimba njia nzima mpaka Ufukoni.

Nimempelekea Fikirini bendera yake, nikamweleza yote. Akakataa kuichukua. Akasema kama ni kupanda mbele, ruhusa inatakiwa vile vile. Halafu akaongeza kwamba ile siku, kwa kweli kabisa, ilikuwa nyekundu. Tumebishana mpaka magharibi. Felista alituletea uji wa pilipili manga na hakuuliza ni nani anashinda. Gauni la binti wa Bi Mwasiti limevaliwa jana, na wanawake watatu wameleta nguo zao zifukizwe.

Jumanne, 17 Septemba

Nimelala vizuri, nimeamka vizuri. Nimetuliza akili na kulitazama jambo hili kama mtu mzima.

Kosa langu nimeliona: nilijifunza maneno bila kujua nitayatumia wapi. Safari hii nitaanzia mwisho. Nitakuwa karibu na dereva siku nzima. Karibu kiasi gani? Kwa makadirio yangu, urefu wa mkono mmoja. Dereva, hata akiwa Mchina, ni mwanadamu. Atataka chai, atataka kunyoosha miguu. Kwa hiyo Kichina ninachokihitaji si kingi. Nahitaji neno moja tu: sogea kidogo.

Nimekwenda hospitalini nikamwuliza Nesi Yustina, kama mzaha, Daktari Su husema lini sogea kidogo. Akafikiri. Akasema hulisema kila siku, ila kwa wagonjwa wa sindano kubwa tu, zile za makalioni.

Nesi kauliza naumwa nini tena. Nimemwambia aache nafasi wazi kwenye kadi, nitafikiria. Kesho saa moja asubuhi mimi ndiye wa kwanza kwenye benchi.